Jumatano Saa Moja na Nusu: Kuishi na Marafiki Vuli ya Hamburg

Kwetu vuli ni mvua. Mtu wa Tanga au Mombasa akisikia neno hilo anawaza mawingu ya Oktoba na Novemba, na mbegu za muda mfupi zinazowahiwa shambani. Hamburg, Ujerumani, miezi ni hiyohiyo, lakini kinachoanguka kwanza ni majani, na mwanga wa jua unafuata. Kijana aliyefika Agosti amekuta watu wamejaa kando ya ziwa la Alster na kwenye nyasi za bustani ya Stadtpark mpaka usiku, pengine amekaribishwa nyama choma na watu asiowajua. Wiki kumi baadaye nyasi zimelowa, mabenchi yako wazi, simu imenyamaza. Wengi hudhani wamemkosea mtu. Hawajamkosea yeyote. Marafiki wa kiangazi wamehamia jikoni mwao, na jikoni mwa mtu hapa huingii bila kualikwa.

Kwa hiyo tulioishi hapa miaka kadhaa humwambia mgeni jambo moja hata kabla ya kumpeleka kununua koti: chagua siku moja ya wiki, saa moja, meza moja, na uishikilie kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Krismasi. Nyumbani hatuhitaji mpango kama huo. Unapita kwa rafiki, unapiga hodi, ukimkosa unamkuta dukani kwa Mpemba au kijiweni. Hapa hakuna kijiwe, na anayepiga kengele ya mlango bila taarifa humtia mwenyeji wasiwasi kwamba kuna dharura. Neno la Wajerumani la kuagana, kwamba tuonane siku moja, ni salamu njema tu. Halijawa miadi mpaka tarehe itajwe na iandikwe kwenye kalenda ya kila mmoja.

Tuanze na mwanga, maana ndio unaoendesha mengine yote. Mwanzoni mwa Oktoba jua la Hamburg huzama karibu saa moja jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma: ikifika saa tisa usiku inakuwa saa nane tena. Jioni ya siku hiyo giza linakuwa limeingia kabla ya saa kumi na moja na nusu. Katikati ya Desemba jua linazama saa kumi. Mtu anayetoka darasani saa kumi na mbili katika giza hilo hujiona amechelewa kila kitu, anaenda kulala, na hivyo ndivyo wiki zinavyopita bila kuonana na mtu. Siku maalum ya wiki humwondolea kazi ya kuamua kila mara kama atoke au asitoke.

Kubadilishwa kwa saa kunagusa pia simu za nyumbani. Kabla ya Jumapili hiyo Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya Hamburg kwa saa moja. Baada yake, saa mbili. Mama aliyezoea kupigiwa saa mbili usiku ya Hamburg alikuwa akipokea saa tatu, sasa simu inamfikia saa nne na ameshalala. Hamisha simu hiyo iwe saa kumi na mbili jioni kabla ya kwenda kwa marafiki, na mwambie mapema kwa nini umebadilisha, asije akadhani umeanza kumsahau.

Muhula wa baridi wa chuo kikuu huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, na mihadhara huanza karibu na katikati ya mwezi. Wiki ya kuwapokea wageni na wiki mbili tatu zinazofuata ndizo nafasi kubwa ya mwaka mzima. Watu wanakaa popote darasani, wanauliza majina, wanafungua makundi ya simu. Ikifika katikati ya Novemba kila mtu ana kiti chake na wenzake wa chakula cha mchana. Mlango haujafungwa baada ya hapo, ila unaufungua kwa nguvu zaidi. Ndani ya wiki hizo tatu usihangaike na watu ishirini. Chukua namba za watatu au wanne ambao mazungumzo yenu yalikwenda yenyewe, na uwaalike wewe kwanza. Wajerumani wengi wa rika hilo ni wazito kualika ila wepesi kuitikia, na husubiri mtu mwingine aanze.

Mwaliko unaofanya kazi una mambo manne: tarehe, saa, mahali na chakula. "Jumatano tarehe 22 Oktoba, 19:30, kwetu, tunapika ugali na maharage, uje?" Utume siku saba hadi kumi kabla. Ukituma asubuhi kwa ajili ya jioni, nusu watakataa, na wala hawakukuchukia. Jioni yao ilishapangwa.

Hapo kwenye saa pana mashimo mawili. Mjerumani akisema halb acht anamaanisha saa moja na nusu, yaani nusu ya kuelekea saa nane ya kwao. Anayetafsiri neno kwa neno hufika 20:30 na kukuta sahani zinaoshwa. Shimo la pili ni letu wenyewe. Mswahili akiandikia wenzake "saa 1", mmoja anaelewa 19:00 na mwingine, aliyekulia Ulaya, anaelewa saa saba mchana. Kwenye kundi la simu andikeni saa zote kwa tarakimu za saa ishirini na nne, na mkiongea kwa mdomo ongeeni Kiswahili mnavyotaka. Kuhusu kuchelewa, tangazeni saa mbili tofauti: 18:30 kwa wanaotaka kusaidia kupika, 19:30 chakula mezani. Mshika saa anapata kazi ya kukata vitunguu, mchelewaji anakuta chakula bado cha moto, na hakuna anayekasirika. Asiyeweza kuja atoe taarifa kabla ya saa nane mchana, kabla mtu hajaenda sokoni.

Neno jingine la kuangalia ni kualika kwenyewe. Ukimwambia Mjerumani kwa lugha yake ich lade dich ein, umemwambia utamlipia. Ukitaka mwende mkahawani kila mtu na mfuko wake, sema tu twende tukanywe kahawa. Mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu kivyake, na kila mtu kivyake ndiyo kawaida. Hakuna dharau ndani yake. Kwetu aliyeita ndiye anayelipa, na vijana wengi wameanza Oktoba kwa kuwalipia watu watano vinywaji, wakamaliza mwezi wakila mkate mkavu. Siku yako ya kuzaliwa, kwa upande mwingine, ni wewe unayeleta keki, na usimtakie mtu heri kabla ya siku yenyewe: hapa ni mkosi.

Sasa hiyo Jumatano. Ijumaa na Jumamosi wanafunzi wengi wana zamu za kazi au safari, na Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, hivyo aliyesahau chumvi hana pa kuipata. Jumatano duka liko wazi mpaka saa mbili usiku, kwingine hata saa nne. Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi hapo yanatokea makundi mawili mezani, na mgeni mmoja hubaki katikati hana wa kuzungumza naye. Kama mnaishi nyumba ya kuchangia, waulize kwanza wenzako wa nyumba, kila mwezi upya, na uwawekee viti. Euro nne kwa kichwa zinatosha kwa ugali, mboga na maharage. Nyama ikiingia, ongezeni. Mmoja ashike hesabu na mzunguko wa kupika uandikwe: wiki hii fulani, wiki ijayo fulani. Mkiacha bila kuandika, mzigo unamwangukia yuleyule mwenye jiko kubwa, na kufikia Novemba amechoka na siku imekufa.

Ugali unastahili maelezo, kwa sababu ndio unaoharibika zaidi. Unga wa mahindi meupe unapatikana kwenye maduka ya Kiafrika ya St. Georg, karibu na kituo kikuu cha treni. Polenta ya dukani ni ya njano na ya chengachenga, na nyingi imeshapikwa nusu kiwandani. Itakupa uji mzito usioshikana mkononi. Majiko mengi ni ya umeme yenye uso wa kioo, na kioo kina tabia mbili. Hakishiki sufuria, kwa hiyo ukibana mwiko sufuria inazunguka na kuteleza, na ukiibamiza kioo kinapata ufa ambao utakatwa kwenye amana yako ya nyumba. Tena moto wake haupungui pale unapozungusha kitufe. Joto linabaki dakika kadhaa, na ugali unashika chini ukiwa bado unajiuliza.

Kwa watu wanane chemsha lita mbili na nusu za maji kwenye sufuria nzito yenye kitako bapa. Vuruga mikono miwili ya unga kwenye maji baridi, mimina, acha utokote kama uji kwa dakika tano. Anza kutia unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Jumla utatumia unga kama kilo moja na robo. Weka robo nyingine karibu. Ukianza kukaza, ipua. Lowesha taulo, likunje mara nne, liweke sakafuni, weka sufuria juu yake. Mmoja ashike masikio kwa vitambaa, mwingine apige magoti na kuusonga kwa nguvu zake zote, akiukandamiza ukutani mwa sufuria mpaka madonge yaishe. Wakati huohuo jiko limeshushwa moto na kioo kinapoa. Rudisha, funika dakika tano, geuza, funika tena. Ukiiva unaachana na kingo, na harufu ya unga mbichi inakuwa imekwisha. Kazi hiyo ya watu wawili sakafuni ina faida yake: mgeni aliyekuja akiwa na haya, ukimpa masikio ya sufuria ayashike, dakika tatu baadaye anacheka na kuuliza maswali.

Mboga iko mlangoni kwako. Grünkohl, ambayo Wajerumani wa kaskazini wanaipenda kuliko wenzao wote, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, na msimu wake unaanza vuli. Wenyewe husubiri baridi kali kwanza, kwa kuwa jani linapopigwa na baridi likiwa shambani hukusanya sukari na ukali wake hupungua. Nunua kilo moja na nusu yenye vikonyo, sokoni ni nafuu kuliko mifuko iliyokatwakatwa. Chambua jani kutoka kwenye uti kwa kuvuta mara moja. Majani yamejikunja kama marinda na ndani ya marinda mna mchanga, basi osha maji matatu, kila mara ukiyainua majani na kuuacha mchanga chini; ukimwaga beseni zima pamoja, mchanga unarudi juu ya mboga. Hayakunjiki vizuri kama sukuma, hivyo yabane kwa ngumi na ukate nyembamba. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga na kikombe cha maji, funika dakika kumi na tano hadi ishirini. Anayeipika dakika tano kama sukuma ya nyumbani atatafuna mpaka taya ziume. Wenyeji huipika zaidi ya saa nzima pamoja na nyama ya nguruwe, na ukialikwa kwao, kama huli nguruwe, uliza kabla. Hakuna atakayeona vibaya. Na wewe uliza vivyo hivyo. Mezani penu pengine yupo Mzanzibari, yupo asiyekula nyama kabisa, yupo asiyegusa hata maziwa. Maharage ya nazi yanawakusanya wote, na nyama ipikwe chungu chake na iwe na kijiko chake.

Watu wanane, sufuria mbili zinazochemka na madirisha yaliyofungwa: kuta zitatoa jasho. Unyevu huo ukibaki, baada ya wiki chache pembe za dari zinaota ukungu mweusi, na mwenye nyumba atasema ni kosa lako. Zima kipasha joto, fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi wakati mnapakua, kisha funga na uwashe tena. Dirisha lililoinamishwa kidogo usiku kucha hutoa joto nje na halikaushi ukuta.

Saa nne usiku ni utulivu mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mazungumzo ya kawaida hayana shida. Muziki wenye besi, viti vinavyoburutwa na kuagana kwenye ngazi ndivyo vinavyoleta malalamiko. Kuagana hasa. Sisi huaga mezani, tukaaga mlangoni, tukaaga tena chini kwenye geti, na ngazi za mawe za nyumba hizi zinapaza sauti mpaka ghorofa ya tano. Malizieni hadithi ndani kabla hamjavaa viatu. Mkijua mtapitiliza, bandikeni karatasi kwenye mlango wa chini siku tatu kabla, yenye jina, namba ya simu na saa ya kumaliza. Haikupi ruhusa ya kelele, lakini jirani aliyeombwa hupiga simu kwako kabla ya kupigia polisi. Kinu kisiguswe Jumapili, ambayo ni siku ya utulivu mchana kutwa. Makopo na chupa za plastiki za kutumika mara moja mnazoacha zina amana ya senti 25 kila moja, na nyingi za bia za kioo senti 8. Ziwekeni mfuko wake, mpishi wa wiki ijayo azirudishe dukani na fedha iingie kwenye kikapu cha michango.

Usiruhusu vuli iwe ya jikoni peke yake. Kivuko namba 62 kutoka gati la Landungsbrücken hadi Finkenwerder kinakubali tiketi ileile ya treni na basi, na tiketi ya muhula ya mwanafunzi inatosha. Nusu saa juu ya mto Elbe, meli za makontena zikipita pembeni, bila kulipa zaidi. Kaeni juu mkiwa na kofia na chai ya chupa, mkishindwa na upepo shukeni chini. Upande ule wa mto liko Altes Land, bonde la matofaa, na mavuno ni Septemba na Oktoba. Nunueni tofaa la aina ya Boskoop shambani. Ni chachu, gumu na halijai maji, na likikatwa vipande vyembamba, likatiwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu, aliyekulia na embe bichi la shuleni atanyamaza kidogo akitafuna.

Mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa chini ya miti ya bustanini, zile watoto wanazookota, ni za kuchezea: nyingi ni za mti wenye sumu, si zile mbegu za chestnut zinazochomwa na kuuzwa mitaani. Uyoga wa porini msiule kabisa isipokuwa mmeongozana na mtu anayeujua kwa hakika. Uko uyoga mmoja wa kijani hafifu unaoua kwa kuharibu ini, na dalili zake huchelewa kuonekana.

Wengi hurudi kwa baiskeli. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria, na kukosa taa ni faini ya euro 20. Hatari zaidi ni majani yaliyolowa kwenye kona: yanateleza kama ganda la ndizi, na reli au kingo za njia hujificha chini yake. Funga breki mapema ukiwa bado umenyooka, halafu kata kona. Mwenyeji asilale mpaka kila mtu ameandika kwenye kundi kwamba amefika.

Lililo gumu kuliko yote ni rafiki anayenyamaza. Kwa kawaida huanza Novemba: Jumatano moja anasema ana kazi nyingi, ya pili hajibu, ya tatu mmeshazoea kutokuwepo kwake. Ujumbe wa "upo?" au "mbona kimya?" unampa kazi ya kujieleza, na hana nguvu hizo. Mwandikie kitu asichohitaji kukipanga: "Kaka, napita kwako kesho 18:00 na chapati nne. Nikukute tu, hata nyumba ikiwa vurugu." Nenda kweli, kaa saa moja, msimvamie kundi zima. Mtoe nje mchana wakati mwanga upo, hata kama ni kutembea robo saa hadi dukani. Akisema maneno ya kukata tamaa, usiyapoze kwa mzaha wala kwa kumwambia awe mvumilivu. Taasisi za huduma za wanafunzi zina ushauri wa kisaikolojia bila malipo. Piga naye simu akiwa amekaa karibu nawe, maana kutafuta miadi kwa lugha ya kigeni ndiko kunakowashinda wengi. Namba 0800 1110111 ya kuzungumza na msikilizaji kwa Kijerumani ni ya bure, usiku na mchana. Akiwa hatarini pale pale, namba ya dharura ni 112.

Jumatano ya mwisho ya Novemba, kabla ya kugawana sahani, ulizeni swali moja mezani: nani anabaki mjini Krismasi? Wenyeji watakwenda kwa wazazi wao, bweni litabaki giza, na kuanzia mchana wa tarehe 24 Desemba hadi 26 maduka yamefungwa. Andikeni majina ya wanaobaki, jiko litakalotumika, na nani anashika ufunguo. Unga, maharage na mafuta vinunuliwe kufikia tarehe 22.